Samaki Aliyevimba Taya

Jumapili baada ya misa, sisi wafuga samaki wa mapambo wa Sumbawanga tulipita nyumba kwa nyumba kutazamiana matangi. Mganga wa samaki hao nilikuwa mimi, ingawa ujuzi wangu wote niliuokota kwenye simu.

Mtaa wa Majengo tukaingia kwa Mama Sabina, mjane. Mumewe alimwachia tangi la samaki wa Ziwa Tanganyika. Mmoja alijibanza nyuma ya jiwe, taya limevimba, chakula hagusi.

“Huyu ana jipu,” nikatangaza. “Mama, naomba ndoo na chumvi.”

“Mwanangu, huyo si mgonjwa, huyo ana…”

“Mama, tukichelewa atawaambukiza wote.”

Nikakoroga chumvi viganja viwili kwenye ndoo ya maji, nikamtumbukiza. Wenzangu wakainama wajifunze. Samaki akatapatapa, akaachama, vikamtoka mdomoni vitoto, vidogo kama punje za ulezi zenye macho. Vikazama, vikatulia.

Hakuna aliyenicheka. Heri wangenicheka.

Mama Sabina akapiga magoti kando ya ndoo.

“Huwa anawalea mdomoni,” akasema. “Marehemu ndiye aliyenionyesha. Hawa walikuwa wa kwanza tangu tumzike.”