Kidole cha Kushoto cha Simiyu

Nilipokuwa mtoto kule Matisi, Kitale, kidole cha mguu kilijua mambo kabla ya kichwa. Ukijikwaa mguu wa kulia, unakoenda wamekuwekea chakula. Ukijikwaa wa kushoto, ole wako. Kukhu, mama yake baba, hakuwa na mzaha na jambo hilo. "Ukigonga wa kushoto," alituambia, "keti chini kwanza. Angalia mbingu. Ndipo uinuke, uamue."

Maneno hayo aliyarudia asubuhi tuliyotoka kwa miguu kwenda Naitiri, kwa harusi ya senge, dada yake baba. Watu wazima wangefuata kesho yake kwa gari. Sisi watatu, mimi na majirani zangu Chebet na Simiyu, tulikuwa tumelilia ruhusa ya kutembea, maana Kukhu mwenyewe aliikata njia hiyo ujanani akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Na mimi ndiye niliyechaguliwa kumshikia senge shela. Jamani, niliiota shela hiyo hata mchana.

Tuliimba, tukatafuna miwa, tukacheka hadi mbavu zikauma. Alasiri, karibu na mto, Simiyu akagonga jiwe.

"Uwi!"

"Mguu gani?" nikauliza.

Akauficha mguu nyuma ya mwenzake. Ulikuwa wa kushoto, na damu ilionekana.

"Hiyo si shida, bana," akasema. "Mimi ni mashoto. Kwangu kushoto ndiyo heri."

"Ati nini?" Chebet akaangua kicheko. "Nani alikudanganya?"

Basi tukaketi katikati ya njia kubishana. Je, mguu wa bahati hufuata mkono unaoshika kijiko? Mimi nilitaka sana Simiyu ashinde, kwa sababu shela yangu ilikuwa ng'ambo ya mto. Lakini nilimkumbuka Kukhu, nikatazama juu. Mlima Elgon haukuwepo. Mahali pake palikuwa na wingu jeusi tititi, na lilikuwa linatujia.

"Turudi kwa yule mama wa mahindi," nikasema, machozi yakinilengalenga. Tulikuwa tumempita uani akipukuchua mahindi, akatusalimu vizuri.

Hata hatujaketi, mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, kelele mpaka hujisikii. Mama yule alimpigia senge simu kwa mayowe, kwa namba niliyomtajia, kisha akatugeukia akicheka.

"Nyinyi mna bahati. Nimechinja kuku wa wageni, na wageni wamezuiwa na mvua."

Simiyu, mwanamume pekee mle ndani, akapewa firigisi. Alitafuna polepole akitutazama.

"Kushoto kwangu," akasema mdomo umejaa, "si niliwaambia?"

Tulicheka hadi chai ikatupalia.

Asubuhi daraja la magogo tulilokuwa tuvukie jana yake halikuwepo. Mto ulikuwa umelibeba lote. Tukazunguka kwa njia ndefu ya juu, viatu mkononi, matope magotini, na tukamkuta senge ameshavaa, amekataa kutoka nje mpaka mshika shela wake aje. Nilioshwa miguu mbiombio, nikaishika. Sikuiachilia mpaka jioni. Kukhu aliuliza swali moja tu: "Nani alijikwaa?"

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza kama aliyaamini kweli mambo ya vidole. Akanicheka.

"Wewe Nekesa, ni nani anaweza kutembea mbali hivyo asijikwae kushoto hata mara moja?"

Nimelifikiria sana jibu hilo. Watoto watatu wenye hamu ya harusi hawarudi nyuma kwa sababu ya wingu. Kila mmoja anaogopa kuitwa mwoga. Lakini kurudi kwa sababu ya kidole hakuna aibu.

Kukhu ametuacha, ila sisi watatu bado tunatembea pamoja. Majuzi tulikuwa tunapanda Elgon, kilele tunakiona kabisa, upepo ukaanza kunuka mvua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Simiyu, mwenye mabuti mazito ya ngozi, akasimama ghafla, akashika mguu.

"Uwi! Wa kushoto."

Hapakuwa na jiwe pale, ni nyasi tupu. Tuliketi sote, tukatazama mbingu, kisha tukaanza kushuka tukibishana ni nani atachinja kuku.