Ulimi ya tata Kabeya

Tata Kabeya aliingia kilasi na imvi kichwani, na batu ya cité, mutaa yetu ya wafanyakazi, balimucheka mupaka balichoka. Kilasi yenyewe ilikuwa ya kufanya divai. Ku misioni, karibu na Manika, Frère Henri, bruda ya pale, alikuwa na shamba ya zabibu, juu alichoka kungojea divai ya misa itoke Ulaya na bateau, ile meli. Kabeya, kampuni ilikuwa imemutoa ku usine, ile kiwanda yake, juu ya ugonjwa ya kifua. Njo akaenda kuketi pa banc moja na bijana, kujifunza kukanyaga zabibu na kuosha pipa.

Mi sikucheka. Mi nilikuwa na kasirani. Bibi yake wa ndoa, Mbelu, alikuwa rafiki yangu, nyumba yetu na yao mulango kwa mulango, na ule mutu alimurudisha kwao Kasai juu ya chakula. Hakumupiga, hakulewa, hakutafuta mwanamuke mwingine. Alisema chakula tu: bukari ya muhindi haina kitu, majani ya sombe haina kitu, samaki ni kama kutafuna karatasi. Kwanza alisema polepole. Kisha kila siku. Mbelu aliongeza chumvi, akaongeza tena, akaniletea sahani nionje, macho yake mekundu. “Mama Ndaya, sema kweli, mukono yangu iliharibika?” Nilionja. Ilikuwa chumvi mupaka koo inakauka. Nilienda kumwambia Kabeya, akanijibu eti natetea rafiki yangu. Basi, akamupeleka ku gare ya train na sanduku yake. Njo mwisho ya ndoa. Hawakuwa na mutoto, hakuna mutu wa kuwazuia.

Nyuma ya ile Bilonda, dada ya Kabeya, akakuya kumupikia. Huyo anatia pilipili mingi, hata jirani anapiga chafya. Kabeya akakula, jasho inamutoka, akasema: huyu njo anajua kupika. Ee Mungu, namna nilimuchukia ile siku.

Ku misioni alikuwa mwanafunzi muzuri, sitamunyima ile. Alifika mbele ya bengine, alifunga bitu bizuri, alishika maneno yote ya Frère. Mwaka ya pili Frère akamupa pipa yake mwenyewe, ya kuchunga peke yake. Ikitoka muzuri, Kabeya anabakia pale na kazi ya kweli, pa altare watasoma misa na divai ya mikono yake. Alikuwa anaitembelea ile pipa kama mugonjwa. Anafungua, ananusa, anaonja, anatema, anafunga. “Iko muzuri,” anasema. Kila siku iko muzuri.

Siku ya kufungua, Frère alikuya na bijana yote. Bijana walishika pua toka mulangoni, wanacheka. Ndani ya pipa hakukuwa divai tena, ilikuwa siki. Na Kabeya anatabasamu, anamimina mu kopo, anamupa Frère: “Onja, Frère.”

Frère hakuonja. Alimwangalia. Kisha akatuma mutu ku jikoni, akaleta chumvi, kijiko nzima, akamwambia afungue kinywa. Kabeya akaishika mu kinywa kama maji. Wakamupa kinini, ile dawa chungu ya malaria. Akaitafuna kama mukate. Bijana wakaacha kucheka.

“Toka wakati gani?” Frère akauliza.

Kabeya hakujua. Labda ile homa kubwa iliyomulaza ku hospitali, labda moshi ya usine, hakuna mutu alimwelezea kitu. Ladha ilikuwa inamuishia polepole mu ulimi, harufu mu pua vilevile, na ye aliona ni chakula njo kinaisha. Kabeya akaanza kulia. Frère alifikiri analilia pipa, akamushika bega, akasema watajaza ingine. Kabeya akasema neno moja tu: “Mbelu.”

Hakurudia kilasi. Alipanda train mupaka Luputa, kule Kasai, akaenda na miguu kwa kaka ya Mbelu, na sukari na kitambaa ku mukono. Mbelu alimupa kiti, akamusalimia kwa heshima mu luga ya kwao, “moyo, tata,” kama unasalimia mugeni. Bibi ya kaka yake njo alipika. Mbelu alikaa tu pembeni, mikono pa magoti.

Kabeya akamwambia yote. Haikuwa mukono yako, ilikuwa ulimi yangu. Unisamehe, turudi nyumbani.

Mbelu akaweka sukari na kitambaa chini. Kisha akasema: “Tata, toka nilifika hapa sijapikia mutu. Kuko mwanaume, Tshimanga, bibi yake alikufa, ni mutu muzuri. Alinitaka. Nilikataa, niliogopa atanirudisha na ye. Bana ya kaka yangu wakilia njaa, naita mama yao. Ni sababu nilikuamini. Wote walionja wakasema mukono yangu iko muzuri, na mi nilikuamini weye.”

Hakumutukana. Hakurudi naye pia. Alimusindikiza mupaka njia kubwa.

Kabeya alinielezea yote amesimama pa mulango yangu, kofia ku mukono. Miaka yote nilikuwa nimemuwekea maneno makali, ya kumutoboa, na ile siku hata moja haikunitoka. Nilimuuliza tu kama Mbelu eko muzuri. Akasema eko muzuri, amekonda. Kisha akalia, mutu muzima vile, na mi nikalia. Lakini mi nilikuwa nalilia Mbelu.