Kumuchekesha Nkambo kila Asubui

Lupango yetu ya Kalemie, nyumba na kiwanja yake, ilikuwa inanuka ndagala, samaki ndogo za ziwa za kuanika na chumvi, mpaka kuku zetu zilikuwa zinataga mayai yenye kuwa na chumvi tayari. Nkambo, mama ya mama yangu, njo alikuwa anaanika zile ndagala, na alikula nyingi kuliko alizouzisha. Musimu moja ya mvua kizunguzungu ikamukamata. Alisimama mbio kutoka kwa mukeka, akasema nyumba inamuzunguka, akaanguka karibu na mbabula ya makaa yenye moto. Mimi, mutoto mudogo, nilikamata nguzo ya nyumba na mikono yote mbili, ili nyumba iache kuzunguka.

Jirani yetu, mama infirmiye, akaanza kupita asubui mbele ya kazi, anamupima tansio ya damu. Alisema damu haipande muzuri mu kichwa ya Nkambo, na kumuchunga haitaisha leo ao kesho. Tusimuite kutoka nyuma, maana akigeuza shingo mbio ataanguka. Akiamuka, akae kwanza, miguu chini, apumuzike, njo asimame kwa kushika muntu. Dawa kila siku. Chumvi hapana. Kisha akatuita inje, akashusha sauti: «Kila asubui mumuchekeshe. Mudomo ikipanda upande moja tu, musingoje mimi, musingoje pasta aje kuomba. Mukimbie naye hopitali.»

Mama akaniangalia. «Wewe njo mwenye uongo mingi hapa. Kazi yako njo hii.»

Ile kazi niliiogopa kuliko mamba. Nilikuwa nakaa mbele ya Nkambo, namuelezea samaki yenye ilimeza simenti ya Kabimba, ikatoka mu ziwa ikiwa nyumba ya etaji, gorofa juu ya gorofa. «Mutoto wewe, utatuuzishia hata ziwa yenyewe,» alikuwa anasema. Wengine walisikia kicheko. Mimi niliangalia pembe za mudomo. Siku zenye aliamuka na hasira, hataki kucheka, nilirundika uongo juu ya uongo, nikiona kifo imekaa pale karibu na dawa zake.

Asubui moja nilimuelezea mbuzi ya Nyunzu yenye ilipanda treni bila tikiti, ikakataa kushuka. Nkambo akacheka. Upande wa kuume ukapanda. Wa kushoto ukabaki umelala. Yeye hakujua kitu, aliendelea kucheka, mate inashuka kwa kidevu. Nikaita, «Mama, imepanda upande moja.» Mama akaacha bukari yenye alikuwa anasonga kwa moto. Majirani wakamuweka Nkambo kwa taksi-moto, pikipiki ya kulipa, Mama nyuma anamukumbatia, na mimi nikakimbia kwa miguu. Nilifika hopitali mbele ya ile taksi-moto, ata mukatae. Muganga alisema tumemuleta mapema. Alirudi nyumbani na mukono muzito, lakini na maneno yake yote, na tuliendelea kumuchunga vile vile mpaka uzee njo ikamubeba.

Sasa mimi ni muntu muzima, na kule porti watu wananilipia chai ili niwadanganye. Mashini ya tansio iko mu nyumba, simu iko, taksi-moto ziko kila kona. Woga ni ile ile, maana sasa njo Mama yangu anasema nyumba inazunguka. Leo asubui nilimuelezea kiboko yenye ilienda kusuka nywele. Akacheka, pande zote mbili. Nikaacha hadisi pale.

«Kila siku unakatia hapo,» Mama akasema. «Ukishaona mudomo yangu, hadisi inakufa. Leo utaimaliza.»

Nikatafuta mwisho. Sijawahi kutunga mwisho ata moja.