Kiinua Mgongo cha Ponnuthayi

Shangazi yangu Ponnuthayi alishona fulana miaka tisa katika kiwanda kimoja cha Tiruppur, kusini mwa India. Magoti yalipokataa kukanyaga cherehani, akaacha kazi. Alipodai kiinua mgongo, bosi wake, Thangavelu, alimcheka. Hicho hulipwa aliyetumikia miaka mitano mfululizo, akasema, na yeye hajawahi kumaliza hata mmoja.

Shangazi alipomshtaki, akayarudia hayo bila aibu mbele ya afisa wa kazi, huku akitandaza barua mezani. Kiwandani, kila mwaka kabla ya sikukuu ya Deepavali, hupati bonasi mpaka utie saini barua ya kuacha kazi. Wanawake husaini, hupokea, na sikukuu ikiisha tu wako mashineni. Lakini kwenye karatasi huonekana wameajiriwa upya baada ya Pongal, mwezi wa kwanza.

"Saini ni yako, mama?" afisa aliuliza.

"Ni yangu. Watoto wangevaa nini sikukuu? Hizo barua?"

"Una shahidi kwamba ulirudi mapema?"

Hakuwa naye. Wenzake bado walikuwa wanakula kwa Thangavelu. Wakikutana na shangazi sokoni siku hizi wanageuza nyuso. Nilikaa nyuma yake, ngumi nimezikunja ndani ya mtandio.

"Umetukamua kama ndimu," shangazi akamwambia Thangavelu. "Hata maji ya kunywa ulitupa kwa kinyongo."

Bosi akawaka. Alikuwa mtu wa kupenda kusifiwa ukarimu.

"Mimi? Huna haya, mwanamke wewe! Karthigai mnalia mnataka kwenda kuwasha taa majumbani, nani aliwanunulia taa na mafuta? Kila mwaka! Mkaziwasha getini kwangu, mkala bisi zangu za sukari guru, mkarudi mashineni mmeshiba!"

Afisa akainua kichwa. "Sikukuu ya Karthigai huja baada ya Deepavali, kabla ya Pongal, bwana. Barua zako zinasema wakati huo huyu mama hakuwa kwako."

"Nilimaanisha... wale wengine."

"Umemwambia yeye, na umesema kila mwaka. Nimeshaandika."

Tulipotoka, Thangavelu alitufuata ngazini, sauti imelainika. "Dada, haya tuyamalize nyumbani. Nusu nakupa leo leo."

"Ndani nilikuwa sina haya, hapa nimekuwa dada?" shangazi alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Utalipa yote, na utalipa mbele ya afisa. Kesho asubuhi nitasimama getini kwako, niwaambie wenzangu ulichokiri humo ndani."