Adabu za Denmark, Harusi ya Queensburgh

Chekeni tu, lakini chekeni mara moja yaishe, maana habari hii sijawahi kumsimulia mtu kwa hiari yangu. Imekuwa ikinifuata yenyewe, kila Mkongo wa Durban anayo na kila mmoja ameitia chumvi yake, wapo wanaosema nilimpiga mama wa watu kofi, wapo wanaosema nilivaa glavu. Glavu sikuvaa. Mengine yote nayakubali, na niliaibika vizuri sana.

Mnajua niliishi Denmark miaka sita. Mtu akisikia hivyo anafikiria makubwa. Makubwa gani? Siku za kazi nilikuwa naosha vyombo hotelini, halafu mwisho wa juma tunapakiwa kwenye gari dogo, mimi, Msenegali mmoja na Wadenmark watatu wenye nywele ndefu, leo Sweden, kesho Ujerumani, tunapiga "muziki wa Afrika" kwenye maktaba, mashule na makanisa yaliyokimbiwa na waumini. (Mimi ni mpiga gitaa, lakini bango lilichorwa ngoma, na nani atabishana na bango?) Msikilizaji wa kule anakuja na koti lake, anakaa, anakunja mikono, anatazama viatu vyako mpaka wimbo uishe. Hata kukohoa anaona haya. Ukiisha ndipo anapiga makofi, kidogo, kwa mpangilio, kama mtu anayekung'uta unga mikononi. Mwanzoni niliona watu hawa hawanipendi. Baadaye nikaambiwa hiyo ndiyo heshima yenyewe, na mimi, mtoto wa Morogoro niliyezaliwa na akili zangu timamu, nikaamini.

Kibali kilipoisha sikuthubutu kurudi nyumbani mikono mitupu, wakati kule wanajua nimeuza kanda Ulaya nzima. Nikaja Durban kwa Shomari, rafiki yangu wa utotoni, aliyekuwa akiuza mikanda na mabegi pale sokoni Warwick. Hapo ndipo nilipogundua kwamba jina la Ulaya lina soko kuliko gitaa. Wakongo wakaniita mikiliste, ndivyo wanavyomwita mtu wa Ulaya, na mimi zuzu nikalivaa jina hilo pamoja na koti langu la sufu, mwezi wa kwanza, katika joto lile la Durban, jasho likinichuruzika hadi kwenye soksi, na nikiulizwa najibu kwamba nimezoea.

Katika hali hiyohiyo nikampenda Furaha. Hapa sitanii, nilimpenda kweli, usingizi ulikuwa unanikimbia. Alifanya kazi katika saluni ya mama yake katikati ya jiji, na huyo mama alitoka Bukavu na sauti ambayo ukiwa ng'ambo ya robot (robot kule ni taa za barabarani, msije mkafikiria mengine) unasikia mteja gani anasukwa na kwa nini mumewe amemkimbia. Nilipomweleza nia yangu alinitazama kuanzia kwenye viatu, polepole, mpaka juu.

"Mutoto yangu, mi sina neno na weye," akasema. "Lakini famille haikujui. Dada yake Furaha anaolewa. Ile siku utakuja kutupigia muziki, bajomba bote bakuone. Kisha utaleta bazee bako, tuongee."

Shomari aliposikia alinipiga bega. "Gaspa, kaka, umeshaoa wewe! Piga kitu cha kuchezeka, kula wali wako, basi."

Ningemsikiliza Shomari leo ningekuwa na watoto. Lakini mimi nikafanya uamuzi wangu mdogo tu, kwamba kwa kuwa wakwe wananiona mara ya kwanza, basi wanione kwa heshima kamili, yaani kwa utaratibu wa Denmark. Nikaziacha nyimbo zote za kucheza, nikachagua wimbo wangu mwenyewe kuhusu theluji na upweke, mrefu, wa taratibu, hauna mahali pa mtu kutikisa hata bega.

Ukumbi ulikuwa Queensburgh, pembeni ya Durban, umejaa pomoni, mashangazi wameshona kitenge kimoja, watoto wanateleza sakafuni kwa magoti, sombe, kisamvu chao, na samaki vinanukia mpaka barabarani. Mshereheshaji alikuwa mjomba wa Furaha, tonton Séraphin, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho katika familia ile. Akanitangaza, "Mikiliste yetu!" na vigelegele vikapanda. Nikachukua kipaza sauti.

"Ndugu waalikwa," nikasema, "naomba sote tukae. Watoto watolewe nje. Na tafadhali, mtu asisogee huku mbele wakati napiga. Ulaya muziki unasikilizwa."

Wakacheka sana. Walidhani nawachangamsha! Tonton Séraphin alifuta machozi kwa tai yake.

Nikafumba macho (na hilo pia nilifundishwa huko) nikaanza. Ubeti wa kwanza, kimya. Wa pili, viti vikaanza kulia. Wa tatu, sauti ikatoka nyuma, "Sebene iko wapi?" Sebene ni pale gitaa linapochemka na watu wakaingia uwanjani, na kwa Mkongo wimbo usio na sebene ni sawa na harusi isiyo na bwana harusi. Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu mwenye akili angecheka nao akabadilisha wimbo. Mimi nikasimamisha muziki, nikafumbua macho, nikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Anayetaka kelele aende kituoni, kwenye rank ya taxi. Huu ni muziki." Halafu nikafumba macho tena na kuanza upya. Ndiyo, tangu ubeti wa kwanza.

Hapo Mama Furaha, maskini, akaamua kuniokoa. Aliinuka mezani na mashangazi wakajipanga nyuma yake, wakaja taratibu wakitafuta mdundo katika wimbo wangu ule usio na mdundo, yeye ameshika noti juu kabisa ili wajomba wote waione. Mimi nimefumba macho kama mtakatifu wa kwenye dirisha la kanisa, siyaoni hayo. Ghafla kitu kikaninata kwenye paji la uso. Nikafumbua, nikaona mwanamke mkubwa amesimama mbele ya pua yangu. Kule Denmark mtu akipanda jukwaani wanakuja mabaunsa wanamtoa. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikabandua ile noti, nikairudisha kiganjani mwake, nikamfumba vidole kabisa, nikasema, na kipaza sauti kiko wazi, "Mama, asante, lakini mimi si ombaomba. Rudi ukakae."

Ukumbi ulinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke Denmark nilipata hadhira yangu.

Mama Furaha aliitazama noti mkononi. Akageuka. Na mashangazi nyuma yake, kila mmoja na noti yake, nao wakageuka, mstari mzima ukarudi mezani vilevile ulivyokuja. Tonton Séraphin akaja akaninyang'anya kipaza sauti kwa upole.

"Famille, mumesikia," akasema. "Pesa ya mama amekatala. Sasa mutoto wa mama atamupokea na mukono gani?"

Akampungia kijana aliyekuwa akipiga kanda, na sebene ikalipuka mpaka vioo vikatetemeka, nyanya yake bibi harusi akaitupa fimbo yake. Mimi nilikuwa katikati yao nakunja waya wa gitaa, napigwa vikumbo na watu ambao dakika chache kabla walikuwa wakwe zangu.

Furaha alinikuta mlangoni. Nikaanza kumweleza habari za Ulaya.

"Gaspa, nyamaza," akasema. "Ile haikuwa pesa. Mama alikuwa anakuonyesha. Akikubandika yeye, bajomba banajua uko wa kwetu."

"Sikujua."

"Ulijua! Kwani kwenu hamutunzi?"

Tunatunza. Hilo ndilo lililonichoma. Morogoro tunatunza hata mpiga filimbi wa shule, mama yangu mzazi alikuwa haketi kwenye sherehe mpaka amemtunza mtu. Sikuwa mgeni wa mila ile hata kidogo, nilijigeuza mgeni kwa makusudi ili nionekane.

Wiki iliyofuata Shomari na mzee mmoja wa Kitanzania walinisindikiza saluni kuomba msamaha, na kitenge cha kupoza moyo mkononi. Mama Furaha alituona tukiingia, akaweka kitana chini.

"Bamama, mikiliste amekuja," akasema. "Tukae. Mutu asisogee."

Na wakakaa kweli! Wateja wamesukwa nusu kichwa, mikono mapajani, macho kwenye viatu vyangu. Redio ikazimwa. Nikasema yote niliyokuwa nayo, jasho likinitiririka, na hakuna aliyekohoa. Nilipomaliza, makofi yakaja, kidogo, kwa mpangilio. Nikainua macho kuona nani ameyaanzisha, na alikuwa Furaha, mwisho wa benchi, wala hakuwa anacheka.

Mama alipokea kitenge, akakisifu rangi, akatuambia turudi salama.

Furaha aliolewa na fundi wa friji, bwana asiyejua hata kupiga mluzi. Mimi bado napiga kwenye harusi, macho nimeyakodoa, na nimeapa kwamba yeyote atakayenijia na noti, hata iwe imechanika, hata iwe ya kitoto, nitaiinamia mwenyewe kabla hajanifikia. Kina mama wengi wameshanibandika tangu siku hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na binti wa kunipa.