Walichoniambia Kwenye Benchi la Chai

Siku ya kwanza kazini, pale Butiama, Bwana Utawala alinipa birika, chujio na masharti. Alikuwa anaongelea puani, hivi: "Maaama, hapa unamimina chai. Humimini maneno." Nikajibu, "Ndiyo, mkubwa." Shule sikwenda, lakini kuitikia nilikuwa najua.

Wajukuu zangu, chai ya kikao ina ufundi. Ya kwanza unapeleka watu wakisalimiana, iwe nyepesi. Ya pili unakoleza tangawizi, unapeleka wakianza kusinzia. Unamimina ukiwa nyuma ya bega la mtu, usimkate maongezi. Ndo maana masikio yangu yameshiba kuliko tumbo.

Nikahamishiwa Bunda, halafu Musoma, ofisi ya maendeleo. Huko vijana walikuwaga wanakuja kuomba vibanda vya biashara. Afisa Maendeleo anawauliza, "Nini kinakusukuma kuanzisha biashara?" Wote jibu moja, kama wamenyweshwa chupa moja: "Kujiajiri, mheshimiwa, na kukuza uchumi wa taifa!"

Mimi nikawa najiuliza: kweli mtu anaamka alfajiri kukaanga sambusa kwa ajili ya taifa? Basi nikawa nawauliza mwenyewe, wakisubiri kwenye benchi na kikombe cha chai yangu. Mmoja alikuwa ameacha kuchimba Buhemba, anataka kuuza maji ya baridi. "Bibi, dhahabu nimetafuta sijaiona. Mwenye kiu namwona." Mwingine akaninong'oneza, "Shemeji ananiangaliaga kila nikinawa mikono kula."

Mwaka wangu wa mwisho kikabaki kibanda kimoja. Akaja Nyangeta, binti wa Nyegina, anataka kuwa kinyozi.

"We msichana, vichwa vya wanaume?"

"Ndiyo, bibi. Nina kaka wanne. Baba amefariki, kaacha shamba, wanagawana wao. Mimi nikifungua mdomo, wanainuka wanaenda. Sasa mwanaume ukishamnyoa nusu kichwa, ataenda wapi?"

Nilicheka mpaka chujio likaanguka.

Kwenye kikao, binti akasimama: "Kujiajiri, mheshimiwa, na kukuza uchumi..." Afisa akapiga miayo, kalamu ikainuka kukata jina. Mimi niko nyuma ya bega lake na birika. Niliogopa, nisiwadanganye. Ilibaki miezi miwili nistaafu.

"Mkubwa, muulize alichoniambia kwenye benchi."

Katibu Muhtasi akaacha kuandika.

"Mama Chai, na wewe ni mjumbe?"

"Hapana, mkubwa. Lakini huyo amekusomea ya wenzake. Yake bado."

Akaniangalia, akamgeukia binti. "Haya. Ya kwako."

Nyangeta akasema yote: kaka wanne, shamba, nusu kichwa. Wajumbe wakacheka. Afisa akajipapasa kisogo. "Huyu wateja atapata. Sijui kama watamfurahia." Akaandika jina.

Nikastaafu salama, nikarudi kwetu Kabasa. Wazee wenzangu wanasemaga vijana wa leo wanapenda biashara sababu ya tamaa. Mimi sijui. Kila niliyemuuliza alikuwa na lake, na hakuna aliyelisema kabla hajamaliza kikombe.

Juzi nilienda Musoma, nikapita kwa Nyangeta. Kwenye kiti nimemkuta kaka yake mkubwa, upande mmoja unang'aa, upande mwingine msitu. Mashine imezimwa. Nyangeta anaongea taratibu habari ya mipaka ya shamba.

"Ndiyo, dada," kaka anasema, shuka shingoni. "Nasikia, dada. Endelea."