Milango ya Gottlob

Mniache niseme, maana roho inaniuma. Gottlob Knöpfle haji tena kwenye baa yangu, na sababu ni Eugen Rau.

Gottlob alikuwa fundi bodi kwenye kiwanda cha magari ya mbio hapa Stuttgart. Eugen, rafiki yake tangu shule, alikuwa msimamizi wake. Kila Ijumaa walikaa meza moja, dengu na tambi mbele yao. Kisha likaja lile gari dogo lenye injini nyuma ya viti. Kiwanda chetu kilishirikiana na kile kikubwa cha kaskazini, cha magari ya watu wote. Mabosi wawili wakapeana mikono, na kwetu hiyo ilitosha. Bodi zingetengenezwa hapa. Eugen naye akampa Gottlob mkono: karakana ya bodi ni yako, utakuwa mkuu wake. Gottlob akakataa kazi nzuri kwenye kiwanda cha malori.

Bosi wa kaskazini akafariki kabla ya Pasaka. Aliyemrithi akasema yeye hajui habari za kupeana mikono, na bodi zikapelekwa kwingine. Gottlob hakuambiwa. Kiangazi kizima alifua bati la milango ya gari la mfano, akija kwangu vidole vimevimba.

"Mkuu mtarajiwa," nilikuwa namtania, "leo unatununulia divai?"

"Ngoja nikae kwenye kiti cha mkuu kwanza, Hedwig."

Milango ilipokwisha, karakana ikafungwa. Ijumaa hiyo Gottlob hakugusa sahani.

"Ulijua lini?"

"Mambo ya wakubwa hayo, bwana," Eugen akasema.

"Nimekuuliza lini."

"Pasaka."

"Pasaka ulikula kwangu. Mke wangu akakuuliza kuhusu kazi. Ukamwambia, shemeji, lala usingizi."

"Sasa ningefanyaje? Ningekwambia ungekimbilia kwenye malori. Milango angeimaliza nani?"

Nilikuwa na jagi mkononi, na nusura nimmwagie. Shetani mkubwa yule, na tabasamu lake la kanisani.

Gottlob hakupandisha sauti. "Umeiona lakini?"

"Nini?"

"Milango."

"Mizuri mno," Eugen akasema, na alimaanisha kweli. "Hujawahi kutengeneza mizuri kama ile."

Hapo ndipo Gottlob alipolia, mtu mzima, mbele ya baa nzima. Eugen akaniashiria nimwongezee rafiki yake divai.